Pingamizi Dhidi ya Injinia Asiyebakiza Skrubu

Kibanda cha tatu, nyuma ya poshomili,
Migwani.

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti,
Bodi ya Kusajili Wahandisi.

KUH: KUPINGA USAJILI WA INJINIA KALEKYE

Pokea salamu kutoka Migwani, ambako mvua imekataa lakini sisi tuko.

Mimi ni fundi wa redio hapa kwa miaka ishirini na miwili. Nimesikia kwamba Kalekye, aliyerudi na digrii ya uhandisi wa elektroniki na kufungua karakana ng'ambo ya barabara, ameomba mumsajili. Naomba mkatae. Wateja wangu wote wamevuka barabara, na wiki hii aliyeingia kibandani kwangu ni kuku wa jirani. Sababu zangu ni hizi:

1. Hajui kazi, nasema hivi kwa heshima. Mteja akileta redio, fundi kamili huinusa, huipiga makofi mawili, hutikisa kichwa, kisha husema, "Njoo Alhamisi." Kalekye huuliza maswali: ilizimika lini, ilinyeshewa, mara ya mwisho iliguswa na nani. (Hilo la mwisho limenikera.) Akiulizwa ubaya uko wapi, husema mbele ya watu wazima, "Sijui bado, wacha nipime kwanza." Miaka mitano chuoni, halafu hajui bado!

2. Habakizi skrubu. Mimi nina kopo zima la skrubu zilizobaki, ushahidi wa kila kazi niliyofanya. Yeye huzirudisha zote zilikotoka. Sasa mtu kama huyo atawaonyesha nini mkimwuliza kuhusu uzoefu?

3. Huchora. Ndani ya kila kifaa hubandika mchoro wa saketi, tarehe, na kile alichobadilisha, eti fundi atakayefuata asihangaike. Siri za kazi yetu ziko ndani ya kifuniko cha redio ya Mama Mbithe, mteja wangu wa zamani, na Mama Mbithe anazisoma.

4. Kanisa. Hapa naomba mketi. Kwa miaka tisa nimeiangalia amplifaya ya kanisa letu, na kwa miaka tisa imepiga yowe katikati ya mahubiri. Yowe hilo ndilo lililowaamsha wazee kabla ya sadaka. Kalekye akaigusa Jumamosi moja tu. Jumapili tukasikia mahubiri neno kwa neno, ikagundulika ni yale yale ya Pasaka iliyopita. Kwaya nayo ikasikika. Gedion, aliyeimba besi tangu ujana wake, ameombwa apumzike kidogo, na hadi leo hajanunuliwa hata soda ya kumfariji.

5. Amefundisha kikundi cha akina mama kinachoongozwa na Kasyoki kulehemu. Wametengeneza kengele ya tangi inayolia maji yakikaribia kuisha. Zamani ulifungua mfereji, ukasikia hewa, ukamlaumu mumeo. Raha hiyo imekwisha.

Kwa hivyo napendekeza masharti mapya ya uhandisi. Hesabu na fizikia zipunguzwe. Mwombaji awe amepigwa na stima angalau mara nne, moja mbele ya mashahidi. Awe na kopo. Aweze kusema "chip imeungua" bila kucheka, hata kama kilicholetwa ni pasi ya makaa.

Mwenyekiti, naogopa. Nimeitwa Fundi kwa muda mrefu hata mchungaji hajui jina langu. Nikifunga kibanda, wataniita nani?

Wasalimie wanabodi wote, familia zao, na karani atakayefungua bahasha hii.

Ni mimi ninayepinga kwa nguvu zangu zote,

Muthama (Fundi)

NB: Redio ya mke wangu Muthoki ilikaa kwenye rafu yangu miaka saba ikingoja Alhamisi. Juzi aliivusha barabara bila kuniambia. Imerudi inaimba. Niliifungua kwa hasira kutafuta kosa, nikakuta ule mchoro, na chini yake Kalekye ameandika: "Fundi wa kwanza alilehemu vizuri sana. Ni waya mmoja tu uliokatika." Nimesoma maneno hayo mara kumi, na nimefurahi hadi nikaona haya. Ningeiandika barua hii upya lakini karatasi imeisha, kwa hivyo ichaneni mumsajili haraka. Leo asubuhi nimevuka barabara mwenyewe, na kopo langu mkononi, kumwomba anifundishe kutumia mita ya kupimia stima. Ameniambia nije Alhamisi.