Marehemu Amehifadhi Toleo Jipya

Jumatatu, 3 Machi
Bosi ameongeza mambo kwenye programu ya kutunzia michoro. Kuanzia leo kila kazi ina mwenyewe na tarehe ya mwisho. Ukihifadhi mchoro, toleo la zamani linabaki, na jina lako juu ya jipya. Anasema ugomvi wa nani kachora nini umekwisha. Kwangu ndiyo kwanza unaanza! Binamu yangu Miwani, tunayekaa meza moja, amepewa jalada la kitabu cha watoto: nyumba tupu juu ya kilima. Zuri mpaka linaudhi. Alipotoka kunawa mikono nikalifungua, nikaongeza jani moja, nikahifadhi. Toleo la mwisho: jina langu. Kazi kwisha!

Jumanne, 4 Machi
Si la mwisho. Juu yake kuna jingine, limehifadhiwa na Mzee wa Rangi, mchoraji wetu mkongwe. Mzee wa Rangi tulimzika mwaka jana! Nilibeba jeneza kwa bega hili. Jani langu halipo. Dirisha la juu lina mwanga. Nikamuuliza fundi wa kompyuta, kama mtu anayeuliza habari za mvua, nani anatumia akaunti ya marehemu. Akasema aliifunga wiki ile ya mazishi. Wapi! Ni Miwani huyo. Nikalifuta toleo hilo.

Jumatano, 5 Machi
Limerudi. Sasa dirishani kuna mtu, kanipa mgongo. Miwani hakuja kazini, ana homa. Nikampigia shangazi kuhakikisha. Akasema binti yake yu hoi kitandani, na mimi niende kumjulia hali, si kumchunguza kama polisi. Kwenye orodha yangu ya kazi kuna kazi mpya kutoka kwa Mzee: "Acha kufuta." Nikaweka alama ya imekamilika. Kisha nikafuta.

Alhamisi, 6 Machi
Mtu amegeuka. Ana uso wangu. Shati langu pia, ila kifungo cha juu kimekatika. Nikajishika shingoni: kipo. Nikacheka, kicheko kikatoka kikavu. Saa ya chai kifungo kikadondoka kwenye kikombe. Na chumba kizima kinanuka tapentaini, ile ya kuyeyushia rangi, ilhali hakuna anayeshika brashi hapa tangu Mzee aondoke.

Ijumaa, 7 Machi
Mteja alikuja. Miwani naye, akikohoa. Nilitaka kumweleza kila kitu. Haki ya Mungu nilitaka! Bosi akafungua jalada. Mteja akasema mtu yule dirishani amemsisimua mwili, hilo hilo analichukua. Miwani akasema mtu huyo si kazi yake. Bosi akauliza, ya nani basi? Nikasikia sauti ikijibu, "Yangu!" Ilikuwa yangu. Makofi! Miwani akaninong'oneza, "Kaka, mbona yule mtu analia?" Sikutazama.

Jumamosi, 8 Machi
Nimepewa majalada yote yaliyobaki ya mfululizo wa kitabu hicho. Kuchora vile siwezi, lakini namjua anayeweza. Nimemkabidhi Mzee wa Rangi kazi zote, mwisho Jumatatu. Marehemu hana likizo! Amekubali papo hapo. Ameandika sharti moja tu: nikae hapa kitini, nitulie, nisigeuke nyuma mpaka amalize. Harufu ya tapentaini imesogea, nadhani iko begani. Sharti gani hilo? Kukaa bila kufanya kitu ndiyo fani yangu!