Bado Umebakiza Mtu Mmoja

Jumanne, 18 Agosti 1953

Nimeitwa kiwanda cha jibini kwa Bi Hortense Kuehl. Nilidhani napewa jibini. Wapi! Yeye ndiye mwenye kiwanda, mwenye uwanja na mwenye timu ya besiboli ya Harlow Creek, ambayo mimi, Lester Pruski, nimeifundisha miaka sita bila kusikia ahsante. Akasema tuko sawa na Elk Prairie kileleni na zimebaki mechi tano, zote nyumbani. Nikileta ubingwa, nabaki. Nikiukosa, timu anapewa Rudy Zastrow. Msaidizi wangu huyo alikuwa amesimama pale pale, anatafuna jibini ya bure, anatikisa kichwa kwa huzuni. Huzuni! Kikulacho ki nguoni mwako.

Mechi saa nane mchana. Clem Hauser ndiye aliyeanza kuwarushia mpira wapigaji wa wageni. Zamu nne safi kati ya tisa, wageni hawakupata pointi. Kabla ya zamu ya tano nikatupa jicho kwenye ubao wa matokeo, kule mwisho wa uwanja. Kibati cha 3 kimeshatundikwa kwenye safu ya wageni. Zamu yenyewe haijaanza! Nikamwambia Zastrow huyo mtundikaji mpya amelewa mchana kweupe. Nikamwacha Hauser aendelee.

Wakapata tatu. Tumefungwa 3 kwa 2. Elk Prairie nao wamefungwa, Mungu ni mwema.

Nimekaa kuandika haya, ndipo nikakumbuka. Mtundikaji mpya yupi? Bi Tilda Oberg, aliyekaa kwenye kibanda ndani ya ubao ule miaka thelathini na moja akitundika vibati, tulimzika Aprili. Tangu siku hiyo ubao umefungwa, na mchungaji ndiye anayetangaza matokeo kwa kipaza sauti.

Jumatano, 19 Agosti

Asubuhi nimezunguka nyuma ya ubao. Kufuli limejaa kutu. Buibui amefuma kutoka kwenye kufuli hadi ukutani, kazi ya miezi. Nikabisha. Kimya. Nikaweka sikio. Ndani bati linagusa bati, taratibu, kama mtu anayepanga sahani asiamshe wenzake.

Lakini mimi si mtu wa kukimbia. Anayejua matokeo kabla ya mchezo ni mtu wa kuwa naye vizuri! Nikamwachia soseji mbili za moto mlangoni, kwenye karatasi.

Nimemwuliza Bi Kuehl kamwajiri nani. Akasema alidhani ni mtu wangu. Zastrow alidhani ni mtu wa mchungaji. Mchungaji alidhani ni mtu wa Bi Kuehl, na kipaza sauti ameshakifungia kabatini. Hakuna aliyeuliza zaidi. Mji mzima una shughuli.

Niseme ukweli, Bi Tilda sikumpenda. Julai 1931 nilirusha mimi mwenyewe dhidi ya Elk Prairie. Wakapata pointi kumi na moja zamu ya kwanza. Ili zamu iishe unatoa watu watatu; mimi nilikuwa nimetoa wawili. Kibati cha 11 hakuna, kwa hiyo Bi Tilda akaandika kwa chaki. Kubwa! Watu wakacheka mpaka wakashikana. Nikautupia ubao glavu, nikaondoka uwanjani, na sijarusha tena maishani. Basi miaka ishirini na miwili, kila nikikutana naye, anatoa pipi ya mnanaa mdomoni na kuniambia: "Lester, bado umebakiza mtu mmoja." Kwenye foleni ya nyama! Mbele ya watu!

Mechi ya leo. Kilimani, pale anaposimama mrushaji, nilimpanga Arvid Nygaard, mfuga ng'ombe, mkono wa kushoto, bora kuliko wote tulio nao. Zamu sita hakuna mgeni aliyeugonga mpira ukaenda popote. Mrushaji akifikia hapo hasemeshwi. Anaachwa peke yake mwisho wa benchi kama mwenye upele, na hata kumwangalia ni mkosi. Kabla ya zamu ya saba ubao ukasema 4.

Jana nilipuuza; leo nikaenda kilimani nikamnyang'anya mpira.

Uwanja mzima ukaanza kuzomea. Arvid aliuliza neno moja tu, "Kocha, nimekukosea nini?" Nikamwingiza Hauser, aliyerusha jana, mkono haujapumzika. Wageni wakapata nne. Nne kamili! Nikaruka juu kwa furaha. Katika furaha hiyo nilikuwa peke yangu.

Tumeshinda 5 kwa 4. Nimetupiwa kiatu. Cha kushoto, saizi yangu.

Alhamisi, 20 Agosti

Zastrow anapita kinyozi hadi kinyozi akisema Arvid angeachwa, wasingepata hata moja. Mjinga. Nne ilikuwa imeshatundikwa! Angerusha malaika, ingekuwa nne.

Soseji bado ziko mlangoni. Nimezigusa. Bado za moto. Hata inzi hajatua.

Kabla ya chakula cha mchana ubao ulikuwa umejaa. Sifuri tisa kwenye safu ya wageni, zimenyooka, zimefutwa vumbi. Nikakaa nikafikiri. Sifuri ni sifuri, hata akirusha bibi kizee. Kwa nini basi nichoshe warushaji wangu? Zastrow ana miaka hamsini na moja, goti bovu, na hadithi yake ya kila siku ni jinsi alivyokuwa anarusha ujanani. Haya! Nikampa mpira mbele ya umati mzima aaibike.

Zamu ya tatu ndipo nilipogundua kosa katika mpango. Sifuri tisa! Nimemfanya shujaa kwa mkono wangu mwenyewe!

Wamembeba mabegani. Bi Kuehl kambusu shavuni. Mimi nimebeba magongo.

Lakini Zastrow hakucheka. Alinawa mkono mara tatu kwa sabuni ya kufulia. Akaninong'oneza kwamba kila alipouinua, mkono mwingine ulimshika kwa juu na kumwongoza. Wa baridi. Unanuka mnanaa. "Mimi sirushi tena, Lester," akasema, "na wewe usije ukajaribu." Nimeyaandika haya ili siku Bi Kuehl akitaka kumpa timu, nimsomee kwamba mtu wake ni mwoga.

Ijumaa, 21 Agosti

Aliyeanza mechi hupumzika siku nne kabla ya kuanza tena. Bega ni nyama, si chuma. Hayo nayajua, nilikuwa nawafundisha wengine. Arvid kapumzika siku moja.

Ila sifuri tisa zimetundikwa tena! Na Zastrow sifa zimemtosha. Nikaona ni haki Arvid arudishiwe mechi niliyomnyang'anya Jumatano. Huruma tupu. Arvid akasema bega linawaka, na alfajiri amekamua ng'ombe arobaini. Nikamwambia leo hata akitaka kukosea hawezi. Akaniangalia machoni. "Unajuaje, kocha?" Nikasema ni uzoefu.

Zamu ya nane uso wake ulikuwa mweupe kama maziwa anayoyakamua. Zastrow kanishika shati. "Mtoe huyo mtu, Lester, utamuua." Nikamwonyesha ubao. Sifuri! Anabishana na sifuri!

Zamu ya tisa, mpira wa mwisho. Kutoka benchi tulisikia mlio kama wa kijiti kibichi kikivunjwa. Mpira ulifika. Mpigaji akapunga gongo akaukosa. Arvid alipiga magoti, mkono unaning'inia pembeni. Hakuna aliyeshangilia, hata mimi.

Ubao haukusema uongo. Wageni sifuri, sisi moja. Ila juu yake hakuna nafasi ya kuandika bega la mtu. Nimeshindwa kula chakula.

Jumamosi, 22 Agosti

Leo hakuna mechi. Nimekwenda shambani kwa Nygaard. Daktari kasema Arvid hatainua mkono ule kupita kifua, basi tena, maisha. Ng'ombe walikuwa wanalia zizini utadhani kuna msiba. Mkewe, Solveig, hakunitukana. Bora angenitukana. Alinipa ndoo.

Nimekamua ng'ombe wawili kwa saa moja na nusu. Wa tatu alinipiga teke la paja. Niliona aibu. Aibu ya kweli, naandika wazi, niliegemea ubavu wa yule ng'ombe nikalia.

Nikamweleza Solveig yote. Ubao, sifuri, soseji. Hakushangaa. Bi Tilda alikuwa shangazi yake, na sikuwa najua. Kumbe yule mama hakuwahi kuacha kitu nusu, sweta wala mkate, na mechi moja tu katika miaka thelathini na moja ndiyo ilibaki wazi kwenye daftari lake, ile yangu ya 1931. Siku ya kufa alimshika Solveig mkono akamwuliza kama nimerudi kumalizia.

"Lester, usiende kesho," Solveig akasema. "Mwachie Zastrow timu. Kesho mnacheza na nani? Si Elk Prairie? Basi panda basi uende kwa dada yako Milwaukee. Nakuomba, na wewe unajua sina sababu ya kukuomba kitu."

Nimeapa kwa jina la mama yangu. Ubao sitautazama. Kesho ndiyo mechi ya ubingwa, ataanza Hauser aliyepumzika, kwa utaratibu, kama makocha wenye akili wanavyofanya. Tukishindwa, tumeshindwa. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Nimejisikia mwepesi njia nzima ya kurudi.

Jumapili, 23 Agosti

Nimepita uwanjani baada ya ibada. Si kutazama. Kupita tu. Shingo iligeuka yenyewe.

Kwenye nafasi ya namba ya mrushaji: 17. Hauser anavaa 9. Hakuna anayevaa 17 Harlow Creek. Shati lile nililivaa mimi, 1931, na liko sandukuni kwangu. Chini yake, waliotolewa: 2. Na kwenye zamu ya kwanza ya wageni, kwa chaki, 11. Mwandiko wake kabisa, ile moja yenye kofia. Nafasi nyingine zote nyeusi, tupu, hadi zamu ya tisa. Nikapanda ngazi nikajaribu kufuta 11 kwa mkono wa shati. Haifutiki. Shati halikushika hata vumbi.

Kufuli lilikuwa chini, kwenye majani. Mlango wazi. Utando wa buibui umekunjwa vizuri pembeni, kama pazia.

Soseji moja imeliwa. Ya pili bado ya moto, nami sikuwa nimekula tangu juzi. Chakula hakitupwi! Ilikuwa na ladha ya mnanaa na chaki. Tangu hapo kifua kinabana kidogo, na mkono wa kushoto una ganzi. Si neno. Mimi narusha kwa wa kulia.

Ndani hamna mtu. Glavu yangu ya 1931 inaning'inia kwenye msumari, imepakwa mafuta, laini kuliko siku niliyoitupa. Hapo ndipo nilipoelewa yote. Bi Tilda ananiomba radhi! Bibi wa watu amehangaika wiki nzima kunitengenezea njia. Zastrow, na goti lile, alipata sifuri tisa. Mimi nadaiwa mtu mmoja tu! Hizo nafasi nyeusi kaniachia nijaze mwenyewe, ni heshima. Na Bi Kuehl akiniona nimewamaliza Elk Prairie kwa mkono wangu, nani atalitaja tena jina la Zastrow?

Kiapo nakikumbuka. Niliapa kutoutazama ubao. Kurusha sikutaja.

Hauser nimemwambia akae. Kashukuru. Solveig kapiga simu ofisi ya uwanja mara tatu, nimesema waseme sipo. Zastrow kaniona na shati namba 17, kanikumbatia muda mrefu, macho yamemlowa. Wivu huo!

Kitu kimoja sikukielewa kule ndani. Kulikuwa na viti viwili. Kimoja cha Bi Tilda, chenye mto wake. Cha pili kipya, bado kinanuka maranda, kimefutwa vumbi, na pembeni yake pipi ya mnanaa haijafunguliwa. Nimekikalia kujaribu. Kimenikaa sawasawa, hata miguu inafika chini. Nadhani ni cha Zastrow. Wiki ijayo nikishamwondoa benchi, itabidi apewe kazi ya kukaa.

Saa nane kasoro dakika mbili. Bati linagonga kule, wananiita. Kalamu siifungi, narudi sasa hivi.