Chumba cha Nyuma cha Maisha Yenye Maana

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Nimepata chumba. Si changu bado, lakini nimeingia, nimefunga mlango, nimepumua. Ni chumba cha nyuma cha saluni ya Shangazi: kiti cha kuzunguka ambacho hakizunguki tena, draya mbili za kukaushia nywele, moja mbovu, na sinki lenye nywele za wateja wa enzi zilizopita. Kinanuka dawa ya nywele na kuungua. Nimekiita Chumba cha Maisha Yenye Maana. Nimeandika mlangoni kwa rangi ya kucha, maana ndiyo rangi iliyokuwapo.

Rangi ilikuwa ya binamu yangu. Amenuna. Yeye hupaka watu kucha pale kwenye dirisha la mbele, wateja humwita Malkia, naye bila haya huitika. Anakitaka chumba hiki. Anasema yeye ana wateja wanaosubiri wamesimama, mimi nina shahada. Alilitamka neno shahada kama mtu anayetaja upele.

Shangazi ametoa hukumu. Nina mpaka Jumamosi. Nimpate mtu mmoja, mmoja tu, atakayekuja kwa miguu yake kumwambia kwamba nimemfanya aishi vizuri zaidi. Nikimkosa, chumba ni cha Malkia, nami naenda dukani kwa Mjomba kupima misumari kwa kilo. Mimi! Niliyeandika tasnifu nzima juu ya furaha!

Mteja wa kwanza alipatikana papo hapo. Mama Mapacha, jirani yetu, alikuja kuosha nywele. Nikamketisha, nikavuta pazia, nikamwambia ajitazame kiooni kimya kimya mpaka akutane na nafsi yake. Akafumba macho. Nikadhani anazama ndani. Akaanza kukoroma. Nilivumilia kwa heshima, kisha nikamwamsha nimuulize amegundua nini. Akanitazama kama mtu aliyepokonywa tonge mdomoni. Akasema tangu wale watoto wazaliwe hajawahi kulala usingizi kama ule, na kwamba Mungu ananiona. Akaondoka na povu kichwani.

Usingizi si maana. Lazima pawe na mpaka.

Hata hivyo, mwanzo mzuri. Maandishi ya mlangoni yanang'aa.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Leo bibi harusi mtarajiwa. Shangazi alikuwa amemaliza kumpaka dawa ya nywele, akamleta kwangu akaukie. Nilimuuliza swali moja tu, la kitaalamu: siku atakapokuwa kikongwe, amekaa peke yake kibarazani, atakumbuka uso wa nani na kutabasamu? Akafikiri. Akasema wa yule kijana aliyekuwa akiuza viatu karibu na chuo chao. Mwili ulinisisimka. Huo ulikuwa ukweli mtupu, umechotwa chini kabisa kisimani! Nikamsifu kwa sauti.

Chini ya draya ya pili alikuwa amekaa wifi yake mtarajiwa. Draya ya pili ndiyo ile mbovu. Haina kelele hata kidogo.

Harusi ingalipo, nasikia. Lakini bibi harusi atasukwa kwingine, na wasimamizi wake wote pia, na mama mkwe, na mashangazi wa pande zote mbili. Shangazi hakupandisha sauti. Alikaa kwenye kiti kisichozunguka, akasema, "Mwanangu, kila ukifungua mdomo, mimi nafunga biashara."

Malkia aliingia nyuma yake na kamba ya kupimia. Alikuwa anapima dirisha. Anataka kuweka pazia la zambarau.

Nimejifungia na kutafakari. Nimeona kosa liko wapi. Si langu. Swali lilikuwa sahihi, ila draya za nchi hii haziaminiki.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Nimempata! Alikuwa mbele ya macho yangu siku zote, amekaa kwenye benchi la wanaosubiri, anasoma magazeti ya zamani.

Tunamwita Bwana Stempu. Alifanya kazi dirishani posta maisha yake yote, sasa amestaafu. Anakaa na binti yake, mfamasia, ambaye hushinda kazini. Yeye huja saluni asubuhi na kuondoka jioni. Hana nywele za kutengeneza. Shangazi humwachia benchi.

Leo aliweka gazeti chini akaanza kunisimulia. Amesema zamani watu walipanga foleni ili wamwone yeye tu, na aliyeambiwa ahamie dirisha la pili alikasirika. Siku hizi, simu yake ikilia, ni mtu amekosea namba. Wiki iliyopita alikwenda kumzika mwenzake wa posta. Watu walisema mambo mazuri ajabu juu ya yule marehemu. Kila mtu akayasikia, akasema Bwana Stempu, isipokuwa mwenyewe.

Niliganda na kitana mkononi.

Mbona tungoje mtu afe? Mtu asemewe mema yake angali hai, alale nyuma ya pazia, asikie yote! Maisha yake yajae mpaka yamwagike! Nilimweleza kwa pumzi moja. Niliogopa atakataa. Aliuliza tu kama ataruhusiwa kuvaa tai.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Siku ya maandalizi. Nimeyafanya yote mwenyewe, kwa utulivu ambao wakubwa tu wanao.

Asubuhi nilikwenda kwa Mzee wa Viti, yule anayekodisha turubai na viti vya plastiki. Nikamwambia kesho mchana apeleke uani kwa Bwana Stempu. Akauliza spika ngapi. Nikasema hakuna spika. Akauliza tena, hata moja? Nikasema hata moja, watu watakuja kusema maneno mazito, kelele hazifai. Akavua kofia. Akasema Bwana Stempu alikuwa mtu wa watu. Akainama kufunga kamba za gari lake, na nilipomwona tena macho yake yalikuwa mekundu. Na tukio lenyewe hata halijaanza! Ndipo nilipojua kwamba kazi hii ina nguvu.

Kisha nikawapitia majirani wachache. Niliwaomba waje na nguo za heshima na neno moja jema juu ya Bwana Stempu. Sikuwaambia kwamba atakuwa akisikiliza. Mtu anayejua anasikilizwa hasemi, anaigiza. Binti yake sikumwambia chochote. Wafamasia huuliza maswali mengi.

Malkia ameniuliza ninapanga nini. Nimemjibu kwamba kuna watu hupaka kucha na kuna watu hugusa roho. Akasema roho haihitaji chumba, basi nimwachie.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Niandike kwa mpangilio.

Nilitarajia majirani wachache. Walikuja watu mpaka viti vikaisha, wakakaa ukutani, wakakaa juu ya matangi. Walikuja wafanyakazi wa posta wa zamani na wa sasa. Walikuja wanawake wamefunga kanga viunoni, wakaingia langoni wanalia kwa sauti. Nikashangaa. Nikamwambia mmoja kwamba amewahi mno, hotuba bado. Akaniangukia begani.

Malkia ndiye aliyenivuta kando. Akaniambia, kwa meno yaliyofungwa, kwamba hata mtoto mdogo anajua: gari la Mzee wa Viti likipita na spika, ni harusi, likipita bila spika, ni msiba. Na leo, likija huku, lilipita sokoni, likapita kituoni, likapita mbele ya posta, polepole, halina spika hata moja, na Mzee mwenyewe kavua kofia.

Nilikuwa na hiari ya kusimamisha kila kitu. Nililifikiria hilo kwa dhati. Kisha nikatazama ua mzima, nyuso zote zile zilizolowa, na nikajiuliza ni mwanafalsafa gani amewahi kupewa nafasi kama hii. Nikagonga sufuria kwa kijiko na kutangaza kwamba wasemaji waanze.

Ah, walivyosema! Mwanamke mmoja alisema Bwana Stempu alimwandikia barua za kuombea kazi mpaka akaipata, na hakuwahi kumwambia mtu. Kijana mmoja alisema alimfundisha kusoma kwa kutumia anwani za bahasha. Nilichungulia sebuleni, nyuma ya pazia. Bwana Stempu alikuwa amelala kwenye kochi na tai yake, machozi yanamtiririka mpaka masikioni. Nikamnong'oneza kwamba mambo yamekwenda mbali kidogo, labda atoke. Akanikatalia kwa mkono. Akasema bado msimamizi wake wa zamani hajasema.

Kisha akasimama mdogo wake. Nilikuwa sijui kama ana mdogo. Mwanamume mnene, fimbo mkononi. Akasema yeye na kaka yake waliishi kama chanda na pete, na tangu utotoni hawajawahi kugombana hata siku moja.

"Mwongo wewe!" pazia likasema.

Ua ulikuwa na lango moja. Watu wote wale walijaribu kulipita kwa pamoja. Viti viliruka. Turubai liliinama upande mmoja likameza wafanyakazi wa posta. Malkia alikuwa wa kwanza kutoka, amepanda juu ya tangi, akaruka ukuta, na kucha zote zile.

Mdogo mtu tu ndiye hakukimbia. Bwana Stempu alitoka na tai yake akasimama mbele yake. Yule akanyoosha mkono, akamgusa shavu kwa vidole viwili, kama anayepima chungu cha moto.

"Una joto," akasema.

"Nina joto na nina hasira. Miaka yote hiyo umeninunia, leo unakuja kunidanganyia watu?"

"Ningesemaje, kaka? Umekufa!"

Nilikuwa ninaandika maneno hayo kiganjani nisiyasahau, binti wa Bwana Stempu alipoingia. Wateja wa duka la dawa walikuwa wamempa pole pale kaunta. Alikuja mbio na koti lake jeupe, kiatu kimoja, kingine kimebaki njiani. Hakuniona. Alimshika baba yake shati kwa mikono miwili akamtikisa, akamtikisa, halafu akamwegemea na kulia kama mtoto mdogo. Akasema njia nzima alikuwa anakumbuka kwamba asubuhi alitoka bila kumuaga.

Hapo sikuandika kitu. Sijui kwa nini. Niliokota viti.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

USHINDI!

Lakini kwanza haki ielezwe: asubuhi ilikuwa mbaya. Shangazi alinisubiri mlangoni na mkoba wangu umefungwa. Mjomba ameshanitafutia koti la dukani, la kijivu, lina mfuko wa penseli. Malkia alikuwa juu ya kiti, anatundika pazia la zambarau. Shangazi akaanza: nimeua mtu mzima, nimempotezea jirani kiatu, nimemvunjia Mzee wa Viti viti ambavyo yeye, Shangazi, atavilipia kwa kuwasuka bure wake wote wa yule mzee. Nilikuwa na hoja za kujibu, zimepangwa vizuri. Niliuangalia mlango wangu. Nililitaka lile neno, Maana, hata kwa rangi ya kucha. Nikagundua nalia.

Ndipo akaingia Bwana Stempu. Kwa miguu yake!

Nyuma yake mdogo wake, nyuma yao binti amevaa viatu vyote viwili, nyuma yao yule kijana wa bahasha. Bwana Stempu akavua kofia akamwambia Shangazi kwamba jana usiku nyumba yake ilikuwa na kelele mpaka akaomba watu wanyamaze, na hajawahi kuwa na furaha ya namna hiyo. Mdogo wake amehamia chumba cha wageni. Tayari wamegombana juu ya dirisha. Binti yake ameomba awe anaingia kazini mchana, ili asubuhi wanywe chai pamoja. Bwana Stempu akasema amezeeka akidhani yeye ni mhuri tu, kumbe alikuwa mtu.

Binti yake aliongeza kwamba nikikanyaga tena uani kwao atanipa dawa ambayo haipo kwenye vitabu. Lakini hilo halikuwa sehemu ya masharti.

Shangazi akamwambia Malkia ashuke kwenye kiti.

Chumba ni changu. CHANGU! Sharti moja tu: kuanzia leo simfanyii mtu jambo lolote bila kumwambia kwanza, yeye na watu wake, kwa lugha inayoeleweka. Nimeapa. Nimeapa kwa moyo mweupe, mbele ya mashahidi, na mkono juu ya draya.

Mama Mapacha alikuja mchana kuomba alale kidogo pale kitini. Nimemweleza kwa upole kwamba hiki si chumba cha kulala. Ameniita jina ambalo sitaliandika.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Nimeamka nimetulia, kama mtu aliyefika. Nimewaza sana juu ya kiapo. Kiapo kinahusu wateja. Shangazi si mteja, ni damu yangu.

Na ni nani anayestahili maisha yaliyojaa kuliko yeye? Anasimama tangu asubuhi, miguu imevimba, anawapamba watu kwa ajili ya siku zao kubwa, yeye mwenyewe hajawahi kupewa siku. Leo alikwenda kumwona dada yake, saluni ikabaki nami. Nimechukua karatasi kubwa nyeupe nikaandika tangazo, nikalibandika kwenye mlango wa mbele: kwamba Shangazi, baada ya utumishi uliotukuka, amestaafu, saluni imefungwa, wateja wote waje kesho kumuaga na kumshukuru. Nimetumia maneno mazuri sana. Yeye sikumwambia. Mshangao ni nusu ya maana.

Kufikia saa kumi wateja walikuwa wamepiga simu wakilia. Mmoja amesema tayari amepata saluni nyingine, lakini hatamsahau. Inafanya kazi!

Malkia ameliona tangazo. Sijawahi kumwona akikusanya chupa zake haraka namna ile. Wivu.

Nasikia hatua za Shangazi barazani. Amefika mlangoni. Analisoma kwa sauti, neno kwa neno. Sasa amenyamaza. Ni ukimya mzito, mrefu, ninaoutambua kitaalamu: mtu yumo ndani kabisa ya nafsi yake.

Ananiita kwa jina langu kamili. Nakwenda kupokea shukrani.