Jina la Fahali wa Baba

Jumatatu, 14 Julai
Alhamisi napasuliwa ngiri, Malindi. Mke wangu Gumato kauliza: nisipoamka, nani atafungua imeili yangu? Mle ndimo zilimo sauti za marehemu baba akiwaimbia ng'ombe wake. Nakala nyingine hakuna! Yeye yake keshaipanga. Paswadi zote ziko kwenye bahasha, kwa dada yake. Mwanamke ana akili huyu! Lakini mimi niandike? Shemeji Abdinur, dalali mwenzangu wa mifugo hapa Garsen, hupekua kila kitu, na wateja wangu wote wamo mle.

Jumanne, 15 Julai
Nimepata! Paswadi mpya: jina la fahali mweusi wa baba. Nyumba nzima wanalijua, karatasi ya nini? Nikatoka kabisa kwenye akaunti, Abdinur asichungulie. Nimewatangazia kwenye chai. Binti yangu Hanan kauliza linaandikwaje. Linavyotamkwa! Mtoto wa sekondari, swali gani hilo?

Alhamisi, 17 Julai
Ni mzima, alhamdulillahi. Kidonda chachoma. Walipokuwa wakingoja nje walijaribu paswadi. Gumato kaandika Guracha. Hanan, Gurracha. Abdinur (eti kaja kunijulia hali!), Guraacha. Zote zikakataliwa. Nikacheka, nikaomba simu niwaonyeshe. Nami nikakataliwa! Kumbe sikumbuki niliandikaje. Mara ya sita akaunti ikafungwa. Sauti ya baba, basi tena. Nimelia kama mtoto.

Jumamosi, 19 Julai
Gumato! Jamani, Gumato! Kumbe mwaka juzi, aliponifungulia imeili ile, aliweka namba yake ya simu. Leo kaomba msimbo, ukaingia kwake, dakika mbili tumo ndani. Baba akaimba wodi nzima. Mzee wa kitanda cha pili akaomba irudiwe. Gumato akalia, nami nikalia, mishono ikaniuma. Kisha akaweka paswadi mpya, akaiandika, akaitia kwenye bahasha, akanisihi nisiguse kitu. Hata Abdinur kakiri dadake ni kiboko.

Jumapili, 20 Julai
Nimeruhusiwa. Njia nzima hadi Garsen namfikiria yeye tu. Mke kama huyu lazima asifiwe! Basi nimebadilisha paswadi: sasa ni sifa zake, ndefu, tamu, nimetunga mwenyewe. Sijamwambia. Namba yake pia nimeiondoa, asije akaziona kabla ya wakati. Siku nikifa, atakapofungua imeili, atazikuta. Atafurahi huyo!