Mwenyekiti Athanase Atuletea Mto wa Norwei

Waheshimiwa wachungaji mlioketi mbele, waheshimiwa mliokosa viti, wajumbe wa kamati kuu, wajumbe wa kamati ndogo inayoisimamia kamati kuu, wenye maduka wa Greyville, madereva wa malori ya bandarini, wanafunzi wa Kenya mliofuata chai, na wote ambao itifaki imewasahau lakini moyo wangu unawakumbuka: amani kwenu. (Makofi ya mstari wa mbele.)

Mimi, Athanase Nimbona, Mwenyekiti wa Umoja wetu wa wahamiaji wa Durban kwa muhula wa tatu, ambao hamkunipigia kura kwa sababu niliwaepusha na uchovu wa kupiga kura, nimerudi jana kutoka mto Sjoa, Norwei, mto unaoshuka milimani kwa hasira, mweupe kama povu la sabuni, ambamo watu wazima wenye kazi nzuri huvaa kofia ngumu, hupanda boti ya mpira na kujitupa majini kwa hiari yao, halafu wanacheka. (Mnong'ono: "Eish, kwa hiari?")

Mnakumbuka mwezi wa tatu mtoto Armel, wa dada yetu Goreth, aliteleza kwenye mawe ya kijito cha nyuma ya mtaa wa Sydenham, pale watoto wetu wanapovukia kwenda shule, akabebwa na maji mpaka tawi la mti likamzuia. Goreth akawaandikia Wanorwei wanaofundisha kwenye mto huo, kwa mkono wake, akaomba nafasi ya kujifunza kuokoa watu kwenye maji ya kasi, aje awafundishe watoto. Wakamkubalia. Hapo uongozi ukaingilia kati. Kikao, ambacho kilikuwa mimi, kilijiuliza: mama mwenye mtoto mgongoni ataibebaje na hadhi ya jumuiya? Tukaazimia kwamba nafasi ni ya ofisi, si ya mtu.

Basi, kwa moyo wa benchmarking na capacity building, natangaza Kituo cha Kisasa cha Maji ya Kasi, hapa hapa Durban, mto Umgeni, chenye boti arobaini na ajira elfu tatu kwa asilimia mia moja na kumi na mbili ya vijana wetu, kiwango ambacho hata Norwei hawajakifikia. Kweli Umgeni umelala. Tutaunda kamati ya kuuamsha. (Kicheko kinachojifanya kikohozi.) Boti ya mfano ni ile mezani, chini ya kitenge.

(Goreth anasimama: "Mwenyekiti, swali moja. Maji yakimbeba mtoto, afanye nini?")

Swali la kiufundi. Asimame wima kama raia, akanyage chini imara, ainue mkono na kumsubiri mhusika.

("Hapana, papa. Akisimama, mguu unanasa kwa mawe, maji yanamlaza. Alale chali, miguu mbele, apige mikono kuelekea ukingoni. Iko kwa karatasi walinitumia. Wewe hawakukufundisha?")

Suala la miguu litashughulikiwa awamu ya pili. (Watoto wanalala chali sakafuni, mmoja mmoja, miguu mbele.) Watoto, inukeni, mnaharibu itifaki.

Nahitimisha. Umoja! (Kimya.) Kasi! (Kimya.) Umoja kwa kasi! Nawashukuru Wanorwei walionisubiri ukingoni siku kumi na nne. Basi la mtoni liliondoka kila siku saa moja asubuhi na chai ya hoteli ilianza saa mbili, kwa hiyo taarifa hii nimeitoa kwenye kadi ya posta. Naishukuru halmashauri ya mji, ambayo itatujibu siku tutakapoiandikia. Na kipekee namshukuru Dada Goreth kwa kutuazima boti ya mfano.

(Goreth anaondoa kitenge. Ni beseni la kuogeshea mtoto. Analiweka kwapani, anatoka. Watoto wanamfuata, mama zao nyuma yao, kisha wengine wote.)

Dada, tulilihitaji kwa picha. Waheshimiwa viti, asanteni kwa kunisikiliza.

(Kutoka uani, sauti ya Goreth: "Chali. Armel, wewe wa kwanza. Usiogope, nimekushika.")