Shokapu za Kulia

Jumatatu, 9 Juni
Mama mkwe anataka kumwona dada yake. Miaka sita hawajaonana, na dada mtu sasa hatoki kitandani. Safari ni Jumamosi. Mgongo wa Mama haukubali kukaa saa nyingi, basi nimetangaza mbele ya wote: atasafiri amelala, katika gari letu lenye kitanda, jiko, sinki na mapazia! Ni la zamani, ndiyo, lakini lina heshima zake. Shemeji, kaka yake mke wangu, alicheka hadi akapaliwa. Eti likikanyaga kokoto asubuhi, linarukaruka hadi jioni. Akajitia kutoa gari lake jipya. Thubutu!

Jumanne, 10 Juni
Fundi amelizungusha mtaa mzima, sikio dirishani. Tatizo ni shokapu, yale mabomba ya kulituliza gari likishavuka shimo. Alisema zitolewe hizo za kulia, na Ijumaa atakuja kuzifunga mwenyewe. Ijumaa! Kwani mimi sina mikono? Nimechukua mbili za mwisho dukani.

Jumatano, 11 Juni
Siku nzima chini ya gari. Nati zimeganda kwa kutu. Nimemaliza mafuta ya kupikia ya mke wangu, nimechubuka vidole vitatu. Mama alileta kigoda akakaa karibu. Nilikuwa naona ndala zake tu. Alisimulia walivyolala kitanda kimoja na dada yake utotoni, dada akimvutia blanketi kila usiku. Kisha akauliza kama kweli tutafika. Nikamwambia Mama, ondoa shaka. Vidole vya miguu vikatulia kwenye ndala. Niliogopa kidogo.

Alhamisi, 12 Juni
Tayari! Upande wa kulia umekamilika, mbele na nyuma. Nimeukandamiza: ukashuka, ukapanda, kimya. Shokapu kuukuu nimempa mwokota vyuma, akaondoka akipiga mluzi. Shemeji aliuliza kama fundi alimaanisha kulia kwa mkono au kulia kwa sauti. Wivu tu.

Ijumaa, 13 Juni
Jaribio. Niliweka ndoo ya maji kitandani, nikapita barabara mbovu. Kulia, shwari. Kushoto, ngoma! Godoro lote limelowa chapachapa. Fundi alifika nikilikamua. Alishika kichwa. Zilizokuwa zinalia ni za kushoto! Za kulia zilikuwa nzima kabisa, na angeweza kuzirudisha mahali pake, kama ningekuwa nazo. Alikiri naye alisema kwa mkato. Lakini kwa gari la umri huu, nyingine ni mpaka Jumatatu. Nilijificha kwenye sinki, yaani nyuma yake.

Jumamosi, 14 Juni
Wameondoka na gari la shemeji. Mke wangu nyuma, Mama mbele, mito miwili mgongoni. Shemeji alinipa mkono tu, na hilo liliniuma kuliko kicheko. Nilitaka Mama afike kwa mikono yangu, basi. Kabla hawajatoka aliteremsha kioo, akaniita mwanangu, akasema nikimaliza kushoto niende kumchukua na kitanda chake. Nilijikaza mpaka walipokata kona. Halafu macho yote mawili, la kushoto na la kulia, yakawa ya kulia.

Jumapili, 15 Juni
Mke wangu amepiga simu. Walifika salama. Mama amelala na dada yake kitanda kimoja, na asubuhi wamegombania blanketi. Wazee hao! Nimecheka peke yangu jikoni. Nimewaza sana leo. Shimo haliepukiki, kazi ni kutulia baada yake. Nimekuwa mtu wa kurukaruka kwa kila neno la shemeji. Sasa basi. Kuanzia leo nasikiliza kwanza, nauliza, ndipo nashika spana.

Mke wangu aliongeza kwamba fundi akija kesho abadilishe pia lile bomba la kulia kwenye sinki la gari, linamkera. Fundi wa nini kwa bomba? Nimeshalifungua, la mkono wa kulia. Lilikuwa limeshikilia kweli. La kushoto linapiga kelele zake kama kawaida, nitalipaka mafuta. Maji yamefika kwenye godoro, lakini lilikuwa bichi tangu Ijumaa.