Malalamiko Kuhusu Kipande cha Sikio Langu la Kulia

Kwa Daktari wa Ngozi,
Chumba Namba Sita.

Shikamoo Daktari. Naitoa kwa koti lako jeupe, maana kwa umri mimi nakuzaa.

Ujue unaandikiwa na mtu mwenye bahati. Nimeanguka kutoka paani mara mbili, nikainuka nikaomba nyundo. Maradhi hupita ukoo wetu kama yamekosea nyumba. Kitanda cha balozi nimekichonga mimi. Hata hivyo umenikera, kama ifuatavyo:

1. Nilikuja na kidonda juu ya sikio, pale ninapopachika penseli tangu ujana. Nikakwambia kabisa, ni penseli hiyo. Wewe ukakiinamia na kioo chenye taa, ukasema, "Mmh." Basi! Mimi nikiguna mbele ya kabati la mteja, naongeza maelezo.

2. Uliniuliza nimetumia dawa gani. Nikasema kweli: nilikipiga msasa laini, nikapaka vanishi mkono mmoja. Ulicheka mpaka nesi akaja kuchungulia. Daktari, vanishi ileile ina mwaka wa kumi kwenye meza ya hakimu. Kama kwangu haikufika hata Ijumaa, kosa ni la sikio.

3. Ukakata kinyama cha sikio, ukakitia kichupani, kikaenda maabara. Sisi maseremala tunapima mara mbili ndipo tunakata. Wewe umekata kwanza, ati ndipo mkapime. Nani alikufundisha kazi?

4. Sasa mnanipigia simu kila siku nije kuchukua majibu, na mke wangu amepata la kusema: "Baba watoto, wewe wa kuanguka mapaa, leo unakimbizwa na karatasi?" Mafundi wenzangu wamesikia. Heshima imekwisha.

Kwa hiyo naomba kinyama changu kirudishwe, majibu yachanwe bila kusomwa, na niandikiwe cheti chenye mhuri kwamba ni penseli. Ukikubali, nitakutengenezea kabati la mafaili bure. Hilo lako limeegemea tofali, nimeliona, na roho iliniuma.

Nisalimie nesi, mfagizi aliyenionyesha choo, na wote waliomo kwenye foleni, hasa yule bibi anayekohoa.

Ni mimi mwenye sikio,
Fundi Randa

N.B. Barua nimeileta mwenyewe. Niko kwenye benchi hapo nje, mwenye kofia, na mama watoto amenishika mkono. Majibu usiyachane. Tuite tu, utusomee polepole. Kidonda kinatoa damu kila asubuhi. Na ile habari ya bahati ni uongo. Kaka yangu alianza na kidonda kama hiki, akakificha. Jeneza lake nililiranda mimi.